Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maafa: nyuma ya programu awepo mtu

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia afya, maafa na mawasiliano, na kwenu wafadhili mnaolipia shughuli hizo,

Salamu. Nawaandikia kama mtu anayejitolea kupokea simu za manusura wa maafa: mafuriko, moto, vita, ajali kubwa, magonjwa ya mlipuko. Siku hizi kila janga likitokea, matope hayajakauka, tangazo limeshatoka: pakueni programu fulani kwenye simu zenu, ina mazoezi ya kupumua, ina shajara, ina ushauri, ni bure. Picha hupigwa, hotuba husomwa, na baada ya miezi michache ripoti hutoka ikisema maelfu ya watu "wamefikiwa". Nina hoja moja tu kuhusu jambo hili. Programu hizi zina faida, tena iliyopimwa, lakini faida hiyo hukolea pale ambapo nyuma yake yupo mtu anayelipwa kumuuliza mtumiaji "umefika wapi?" na kusikiliza jibu. Mtu huyo ndiye anayekuwa wa kwanza kufyekwa bajeti ikibana.

Nianze kwa kuzitetea, maana wanaozibeza nao wamenichosha.

Baada ya tukio la kutisha, mwili hubaki unalinda zamu. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Mtu anaikwepa barabara ile, harufu ile, hata jina lile. Anadhani anarukwa na akili, kumbe mwili wake bado haujapata habari kwamba hatari imepita. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu kila aliyekumbwa na dharura hupata dhiki ya moyo kwa namna fulani, na kwa walio wengi dhiki hiyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wengi hao hawahitaji daktari bingwa. Wanahitaji mtu awaeleze kinachowapata, na wapate vitu vidogo vya kuwavusha usiku: kutoa pumzi taratibu kuliko walivyoivuta, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili huku wakitaja wanachokiona na kukisikia pale walipo, kupanga jambo moja dogo la kesho hata kama hamu haipo. Haya yanafundishika kwa simu. Na programu ina sifa ambayo sisi wapokea simu hatuna: iko macho saa nane hiyo ya usiku, haina foleni, haimkodolei mtu macho. Wapo watu wazima ambao neno "naogopa" halitawatoka kinywani mbele ya binadamu mwenzao, lakini watabonyeza kitufe kilichoandikwa hivyo.

Mfano mzuri ni PTSD Coach (PTSD ni kifupi cha Kiingereza cha tatizo la kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha), iliyotolewa mwaka 2011 na idara inayowahudumia wanajeshi wastaafu wa Marekani ikishirikiana na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Ni bure, na haikutaki ujiandikishe. Mtumiaji hujipima dalili zake na kuziona zikipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, huchagua zoezi kulingana na kinachomsumbua saa ile, na anaweza kuingiza humo picha zake, nyimbo zake na namba za watu wake wa karibu. Australia, Kanada na Uswidi ni miongoni mwa nchi zilizoichukua na kujitengenezea zao. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba walioijenga hawakuondoka baada ya uzinduzi. Zaidi ya miaka 10 imepita na bado inahudumiwa.

Sasa tazameni takwimu ambazo ripoti zenu hazizitaji. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofuatilia matumizi ya programu 93 za afya ya akili kwenye simu za Android, kila moja ikiwa imepakuliwa mara 10,000 au zaidi. Kwa programu iliyo katikati zikipangwa kuanzia ya chini hadi ya juu, waliokuwa bado wanaifungua baada ya siku 15 walikuwa asilimia 3.9. Baada ya siku 30, asilimia 3.3. Yaani katika kila watu mia mnaohesabu kuwa mmewafikia, mwezi ukiisha wamebaki watatu. Na hao walikuwa watumiaji wa kawaida, si watu waliotoka kuzika wiki iliyopita. Idadi ya waliopakua inawaambia kwamba tangazo lilisikika. Kuhusu nafuu haiwaambii chochote.

Linganisheni na yaliyofanyika Lebanon. WHO na wizara ya afya ya huko walitengeneza programu iitwayo Step-by-Step: vipindi vitano vinavyofuata hadithi ya mtu aliyeelemewa na sonona na jinsi alivyojinasua kidogo kidogo. Kilichoongezwa ni msaidizi ambaye kila wiki humpigia au kumwandikia mtumiaji, kwa kama dakika 15 hivi. Wasaidizi hao hawakuwa mabingwa wa tiba ya akili. Walikuwa watu waliofundishwa kazi hiyo na kuwekewa msimamizi. Majaribio mawili, moja kwa Walebanoni na jingine kwa wakimbizi wa Syria, yalichapishwa mwaka 2022. Yote mawili yalionyesha sonona ikipungua kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hayo yalifanyika katika nchi iliyopigwa kwa mfululizo na anguko la uchumi, UVIKO-19 na mlipuko wa bandari ya Beirut wa Agosti 2020. Hata huko wengi waliishia njiani, sitaki kuwapaka mafuta. Lakini mbinu ilisimama.

Dakika 15 kwa wiki. Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu nina shaka kama mnaokaa kwenye vikao vya bajeti mnajua kinachofanyika ndani ya dakika hizo.

Msaidizi hatibu. Anauliza zoezi la juma lile lilikwendaje. Anayejibu husema, kwa mfano, alijaribu kupumua kama alivyoelekezwa, akafumba macho, akahisi anakabwa zaidi. Kwa mtu aliyenusurika kuzama au kukosa hewa kwenye moshi, kufumba macho na kuifuata pumzi kunaweza kumrudisha pale pale alipokuwa anakimbia. Msaidizi anamwambia afungue macho, aiache pumzi ijiendee, ashike kitu cha baridi mkononi, ataje vitu anavyoviona. Programu haiwezi kujua hilo mpaka mtu aulize. Ingeendelea kumpa zoezi lile lile, naye angefikia uamuzi kwamba hata kupumua kumemshinda, akaifuta.

Au mtumiaji anasema ile kazi ya "panga jambo moja la kesho" ameshindwa. Ukimdodosa, unakuta vitambulisho vyake vimeungua, na bila vitambulisho hapati msaada, hafungui akaunti, mtoto hapokelewi shule. Kesho yake imefungwa na ofisi fulani, wala hakuna zoezi la kifua litakaloifungua. Msaidizi anayejua kazi yake anaacha somo la siku hiyo na kumwelekeza aende wapi, amwone nani, abebe nini. Au mtu anajibu kila swali kwa "niko sawa", kwa sauti ile ile, wiki ya tatu mfululizo, kisha anauliza kama namba ya msaidizi itaendelea kuwa hewani endapo yeye hatakuwepo. Hapo msaidizi anamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, haachii simu, na anamwita msimamizi wake. Kuna pia jambo dogo ambalo watumiaji wenyewe hututajia: kujua kwamba Alhamisi kuna mtu atauliza. Wengi hufanya zoezi la Jumatano kwa sababu hiyo tu, na mimi sioni aibu yoyote katika sababu hiyo.

Sasa badala ya mtu huyo mnaweka ujumbe wa kujituma wenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia: "Habari! Tabasamu lako liko wapi leo?", na puto za rangi zinapanda kwenye kioo. Aliyeandika ujumbe ule alikuwa amelala vizuri.

Kuna suala la utaratibu pia. Mwongozo wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura, wa IASC, yaani kamati inayounganisha mashirika ya kimataifa ya misaada, ambao naamini umo makabatini mwenu, unapanga msaada katika ngazi nne. Chini kabisa ni usalama na mahitaji ya msingi. Juu yake ni familia na jamii kushikana tena. Ya tatu ni msaada wa kulenga watu maalumu, unaotolewa na wasio mabingwa. Kileleni ni mabingwa wenyewe. Programu ya kujisaidia inakaa ngazi ya tatu, na pengine inagusa kidogo ya pili. Mtu anayelala nje hakosi usingizi kwa sababu hajui kupumua. Anayemtafuta mwanawe anataka orodha ya waliopatikana, iliyo sahihi, iliyobandikwa mahali panapoonekana. Kumpa sauti ya mawimbi ya bahari kabla ya orodha hiyo ni kumdharau. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia inafundishwa kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Programu nyingi nilizoziona hazifanyi hata moja kati ya hayo vizuri, ingawa la tatu lingewezekana kwa urahisi kama mngewapa watengenezaji anwani na saa za kazi za ofisi zenu, na kuwapa mpya kila zinapobadilika.

Na kileleni msipasahau. Kwa makadirio ya WHO, katika maeneo yaliyokumbwa na vita katika miaka 10 iliyotangulia, asilimia 22 ya watu wana tatizo la afya ya akili la kiwango fulani, na kama asilimia 5 wana tatizo kali. Wamo humo waliokuwa wakinywa dawa kabla ya janga, dawa zikasombwa na maji au kliniki ikafungwa. Kwa mtu aliyeacha dawa ghafla na kuanza kusikia sauti, "pakua programu" ni jibu la hatari.

Watengenezaji nao wana lao. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida, tukio likishapita, kuwakusanya watu wangali na mshtuko na kuwataka wasimulie kila kitu katika kikao kimoja. Tafiti zilipowekwa pamoja zikaonyesha kwamba kikao hicho hakizuii kiwewe, na kwa baadhi kinaweza kuwaumiza zaidi. WHO inashauri kisitumike. Lakini leo unafungua programu iliyotengenezwa juzi, na ukurasa wa kwanza kabisa unakuambia: "Tueleze kwa kina yaliyokupata." Nani aliipitisha hiyo? Nauliza kwa dhati, kwa sababu nchi nyingi hazina chombo kinachozikagua kabla ya nyinyi kuzitangaza. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2019 inayoiruhusu bima ya afya kulipia programu zilizokaguliwa na kuorodheshwa, na isiyoleta ushahidi wa faida huondolewa kwenye orodha. Hamlazimiki kuiga kila kipengele. Walau muwe na orodha.

Kisha, simu za nani? Baada ya janga simu hupotea, huvunjika, huuzwa ili watu wapate kula. Iliyobaki ni ya kitochi, au ni simu janja moja ya familia nzima, yenye chaji ya kuhesabia na bando linalotunzwa kwa ajili ya kuwatafuta ndugu. Programu yenye video nzito inayodai intaneti kila ikifunguliwa haikutengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Mazoezi yote yanapaswa kukaa ndani ya simu yenyewe na kufanya kazi bila mtandao. Na kwa wasio na simu janja, njia ipo na imeshajaribiwa. Nchini Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini, 694 kwa jumla, waliingizwa kwenye jaribio la mbinu ya WHO iitwayo Self-Help Plus: makundi ya watu kati ya 20 na 30 wakisikiliza somo lililorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, vipindi vitano, pamoja na kitabu cha michoro, wakiongozwa na watu waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: dhiki ilipungua kwa waliohudhuria kuliko kwa wasiohudhuria. Vifaa vilikuwa sauti iliyorekodiwa, spika na kivuli. Hakukuwa na cha kupakua, na ndiyo maana nahofu kwamba mbinu ya aina hiyo haina mvuto kwenye hafla za uzinduzi.

Lugha nayo. Aliyefiwa hutafuta lugha anayolia kwayo. Tafsiri ya mashine iliyopitishwa haraka humwambia "chunguza hisia zako" mtu ambaye katika lugha yake maumivu hukaa tumboni, kichwani, mabegani. Walipeni watu wa lugha husika, na wasomeeni manusura kadhaa kwa sauti kabla hamjaitoa.

Sasa faragha, ambapo nimekasirika kuliko mahali pengine pote. Mtu aliyevunjika moyo huiandikia simu mambo ambayo hajamwambia mwenzi wake. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliituhumu kampuni ya ushauri nasaha kwa mtandao, BetterHelp, kwamba iliahidi usiri lakini ikapeleka taarifa za wateja kwa kampuni za mitandao, zikiwemo Facebook na Snapchat, kwa ajili ya matangazo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa. Hiyo ni nchi yenye tume yenye meno. Kule kusiko na tume ya namna hiyo, nani atajua? Katika mikataba yenu andikeni kwamba taarifa hazitoki kwenye simu ila mwenye simu akiamua, kwamba hakuna jina wala namba inayodaiwa kwa ajili ya mazoezi tu, na kwamba msaada wa chakula au makazi hautafungamanishwa kamwe na kujisajili. Kumbukeni pia ile simu ya familia nzima. Shajara isiyo na nywila, au ujumbe unaojitokeza kwenye kioo ukisema "Je, bado unamwogopa?", unaweza kusomwa na yule yule anayeogopwa. Baada ya maafa ukatili majumbani huwa unaongezeka. Jambo hili mnalijua. Lipo kwenye miongozo yenu wenyewe.

Kuhusu roboti za mazungumzo nitakuwa mfupi. Mwaka 2023 shirika la Marekani linaloshughulikia matatizo ya ulaji, NEDA, lilitangaza kuifunga laini yake iliyokuwa ikihudumiwa na watu, roboti iitwayo Tessa ikabaki miongoni mwa huduma zake. Mwaka huohuo mtumiaji alieleza hadharani kwamba roboti ile inampa ushauri wa kupunguza uzito, nayo ikaondolewa. Na mwezi Juni 2025 Woebot, mojawapo ya programu za mazungumzo zilizojulikana sana duniani, ilifungwa. Kampuni hufunga, ni haki yao. Lakini serikali iliyowaambia manusura "mtegemee hii" ina wajibu wa kujua watakwenda wapi siku hiyo, na kuiandika kabla ya kutia saini.

Nawaomba basi, kabla ya uzinduzi ujao, mmoja wenu afanye kitu kimoja kisichogharimu hata senti. Aifungue programu saa tisa usiku, abonyeze kitufe chekundu cha dharura, asikilize inaita mara ngapi. Nimeona programu zenye kitufe kinachopiga namba iliyokwisha kufungwa. Afadhali kitufe kisiwepo kabisa.

Katika bajeti, wekeni mishahara ya wasaidizi na wasimamizi wao kwenye mstari wake, mbali na mstari wa teknolojia, na iwe ya mwaka mzima walau. Watu huanza kututafuta wageni wakishaondoka, na tarehe ya kumbukumbu ya mwaka mmoja huwa ngumu kwa wengi. Sisi tunaojitolea tutaendelea, lakini kujitolea kuna mwisho: wengi wetu ni manusura pia, na wasikilizaji huchoka wasipokuwa na wa kuwasikiliza. Katika ripoti, acheni kuandika waliopakua. Andikeni waliomaliza, walioachia njiani na sababu walizotoa, waliopelekwa kwa bingwa na kama walionwa kweli. Idadi zitakuwa ndogo. Zitoeni hivyo hivyo.

Jibu lenu nalitarajia kwa maandishi na hadharani, kama nilivyowaandikia mimi. Nataka kujua mambo matatu: nani amezikagua programu mnazotangaza sasa, nani analipwa kupiga simu zile za dakika 15, na mkataba unasema nini kuhusu taarifa za watu pale kampuni itakapofungwa. Kama jibu la swali la pili ni "hakuna", andikeni hivyo, tuanzie hapo.

Ni mimi,
Mpokea simu wa kujitolea, huduma za manusura